Sikio la Kuume

Mathieu Ukumu alikuwa na tabia moja iliyomchosha mkewe: akikutana na mtu, kabla ya kumtazama usoni alimtazama masikio. Hakuwa na nia mbaya. Miaka kumi na minane ya kukata alama kwenye masikio ya ng'ombe ilikuwa imeyafundisha macho yake njia hiyo, na macho ni kama ng'ombe wenyewe. Yakishazoea njia ya mtoni, huyageuzi kwa kelele.

Alikuwa mtu wa Mahagi. Alisomea uganga wa mifugo miaka miwili, kisha serikali ikamleta Bunia, ikampa pikipiki moja na koleo moja la kukatia masikio, ikamsahau. Watu hawakumsahau. Kwenye vilima vya Djugu walimwita Docta Masikio, na watoto waliposikia pikipiki yake ikipanda walijifunika masikio kwa viganja, wakakimbilia nyuma ya nyumba wakicheka.

Alizijua alama zote. Wenye makundi makubwa walipenda chuma cha moto pajani, herufi mbili za jina la babu. Miradi ilileta pete za plastiki za njano, nazo zilinasa kwenye miiba zikabaki huko zikining'inia kama matunda ya ajabu. Wachungaji wazee walicheka chuma na pete pia. Wao walimjua ng'ombe kwa rangi, kwa pembe, kwa namna anavyokohoa asubuhi. Lakini mchungaji akifa huzikwa na kila anachokijua. Ndiyo maana watu waliishia kwenye koleo la Mathieu, ambalo lilitoa kipande kidogo tu cha sikio: tundu pembeni, mkato kwenye ncha, umbo la mkia wa mbayuwayu. Sikio hili au lile, kila familia na yake. Kila alama aliiandika kwenye daftari kubwa la jalada jeusi, ambalo yeye na kila mtu waliliita kaye.

Kisha vita. Mwaka wa tisini na tisa vilianza kama ugomvi wa mashamba, mahali ambapo mtu wa mjini angeweza kusema ni mbali. Miaka minne baadaye vilikuwa vimelala kwenye kila kizingiti cha Bunia. Ng'ombe waliporwa, kisha wakaporwa tena kwa waliowapora. Wengine waliteremshwa ziwani hadi Mahagi-Port wakavushwa. Wengine waliingia mjini masikio yamekatwa hadi shinani, damu imekaukia shingoni, na Mathieu aliyesimama kando ya barabara akajua kwamba kuna mtu mahali fulani aliyeogopa kaye yake.

Mwezi wa nane wa mwaka elfu mbili na tatu, askari wa kigeni walikuwa wamekwisha kufika na wenye bunduki wamejisogeza nje ya mji. Karibu na mto Nyamukau wakakutwa ng'ombe thelathini na wanne kwenye zizi la miti, hawana mwenyewe. Papa Jérôme, shefu wa kartie, yaani wa mtaa, akamwita Mathieu. Alisema mji huu kila kinywa kina upande wake, hata cha kwake yeye. Kaye peke yake haina kabila, basi kaye ndiyo itakayosema. Mathieu aliona fahari siku ile, na baadaye aliikumbuka fahari hiyo kwa aibu. Juma la kwanza kaye ilisema juu ya ng'ombe kumi na mmoja, na kumi na mmoja wakaenda kwao bila mtu kuinua hata fimbo.

Wa kumi na mbili alikuwa ng'ombe jike mwekundu, wa rangi ile ambayo kila zizi lina mia, na ndama wake ambaye hakuwa na alama. Kwenye sikio la kuume la mama kulikuwa na mkia wa mbayuwayu.

Mama Véronique alikuwa wa kwanza kumshika kamba. Alikuwa mjane wa Fiacre, mfugaji wa kilima kimoja upande wa Djugu ambaye hakurudi kutoka porini mwaka wa pili wa vita. Mama huyo alikuwa amelala miaka minne chini ya turubai na wajukuu wanne. Ng'ombe yule akiwa wake, angeweza kupanda tena kilimani. Bila ng'ombe, kilima kilikuwa majani tu. Hayo aliyasema taratibu, bila kulia, huku akimpangusa ng'ombe matongotongo.

Mwenye kudai wa pili alitoka upande wa pili wa mji, upande ambao watu wake walikuwa hawajathubutu kuvuka tangu mwezi wa tano. Jina lake Léon, mkulima, kofia mkononi. Watu wote wa barza, kile kikao cha wazee, waligeuza vichwa alipoingia. Zamani yeye na Fiacre walikuwa marafiki wa kuzoeana hadi jikoni, na kama ilivyokuwa desturi ya vilima vile kabla ya wazimu, Léon alikuwa ameweka ndama wake wawili walelewe katika kundi la rafiki yake. Nyumba yake ilichomwa, mashamba yake yakawa pori. Wale ndama wawili walikuwa mali yake yote iliyobaki duniani, kama walikuwa wamebaki.

Papa Jérôme akamuuliza mjane alama yao ilikuwa ipi.

"Iko kuume," akasema Mama Véronique. "Marehemu aliniambiaka vile: yetu iko kuume."

Papa Jérôme akamgeukia Léon, naye akajibu kwamba yake pia ni mkia wa mbayuwayu, na iko kuume.

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema kwamba basi mmoja wao anaongopa na si lazima kutafuta mbali, maana anajulikana kwa njia aliyopitia kuja. Wengine wakacheka kicheko kibaya. Papa Jérôme akagonga meza na kumwambia Mathieu afungue buku.

Mathieu akafungua. Ukurasa ulikuwa wa mwezi wa tatu mwaka wa tisini na tisa, mara ya kwanza na ya mwisho kukata alama kwenye kilima kile. Mwandiko wake mwenyewe, wino wa buluu: *Léon, mkia wa mbayuwayu, kuume. Fiacre, mkia wa mbayuwayu, kushoto.* Akasoma kwa sauti. Mama Véronique akaiachia kamba kama mtu aliyeungua. Kamba ile iliyoachiwa ndiyo iliyomfuata Mathieu hadi nyumbani.

Papa Jérôme akaamua kwamba ng'ombe na ndama wake wabaki zizini hadi Jumamosi, siku ambayo askari wa kigeni wangemsindikiza Léon hadi ng'ambo ya barieri, kile kizuizi cha barabarani, maana vijana waliokuwa nje ya uzio walikuwa wameanza kuokota mawe. Léon hakufurahi. Alimzunguka ng'ombe mara moja, akamtazama usoni, akakunja uso, akatoka.

Kuanzia hapo Mathieu hakuketi. Nyumbani kwake Nyakasanza alitoka mlangoni hadi kwenye ua wa matete na kurudi, akafungua kaye na kuifunga, akafungua tena kana kwamba wino ungekuwa umehama. Usingizini aliona masikio bila ng'ombe. Mkewe Annette alimwambia kwamba kama anataka kuchimba mfereji atumie jembe, siyo miguu. Mathieu akasema kaye imesema. Annette akasema alisikia. Mbona basi yeye anatembea kama kuku aliyepoteza mahali pa kutagia?

Kulikuwa na kitu katika ukurasa ule, kama kipande cha mfupa katika wali. Watu wawili wamesema kuume. Mmoja anaongopa, au kaye inaongopa, au kuna jambo la tatu. Alijaribu kukikumbuka kilima kile, lakini kila alipokikaribia vita vilisimama njiani, vikiwa na moshi wao na majina yao, na alirudi mikono mitupu.

Siku ya Ijumaa asubuhi Annette alikuwa akikanda unga wa muhogo, Mathieu amechuchumaa mbele yake akimsaidia kushika sufuria. Annette akamtazama akacheka.

"Una unga ku shavu. Kuume."

Mathieu akajipangusa.

"Hapana kule. Kuume, nakuambia."

"Kuume ya nani?" akauliza Mathieu, na mkono ukabaki hewani.

Kwanza lilimrudia jambo la mwezi wa tano. Yeye na Annette na watu kama hamsini wakikimbilia uwanja wa ndege, mikeka kichwani, na mbele yao barieri ya kamba. Mtu mwenye bunduki, macho mekundu, aliwaelekea akawagawa kwa maneno mawili: watu wa Mahagi kuume, wengine kushoto. Mathieu alikwenda kuume, kuume kwake mwenyewe, kama mtoto wa shule. Mwanamke asiyemjua akamshika shati kwa nyuma, akamvuta kwa nguvu ambayo hakuitazamia kwa mwili ule mdogo, akamnong'oneza: "Papa, kuume ya ule wa bunduki. Hapana ya kwako." Walivuka. Yaliyowapata waliobaki upande ule mwingine Mathieu hakuwahi kuyasimulia, na Annette hakuwahi kumwomba.

Nyuma ya hilo, kama mlango uliokuwa umezibwa na kabati, kikaonekana kilima.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Fiacre alikuwa nyuma ya ndama, amembana kwa magoti, kifua juu ya mgongo wake. Léon alikuwa mbele, ameshika pua. Walikuwa wanacheka. Walikuwa wametaka alama moja kwa watu wawili, mmoja sikio hili na mwingine lile, ili, kama alivyosema Fiacre, ng'ombe wako na wangu wakisimama wakitazamana, alama zikutane. Docta akate wapi? Fiacre alisema yake kuume, akaonyesha kwa kidole. Ndama wawili wa Léon walipoletwa, yeye naye alisema yake kuume, akaonyesha kwa kidole, na Mathieu akakata palipoonyeshwa. Kila mmoja alikuwa amesema kweli. Fiacre aliishi na ng'ombe, akatembea nyuma yao tangu ana miaka sita. Kwake kuume ilikuwa kuume ya ng'ombe. Léon alikuwa mtu wa jembe. Yeye ng'ombe alimtembelea kama unavyomtembelea mgonjwa, uso kwa uso, na kuume ilikuwa ule upande wa mkono wake mwenyewe. Koleo halikukosea. Jioni ndipo Mathieu alipoandika, amechoka, bila ndama mbele yake, kwa kukumbuka maneno. Alikumbuka kwamba masikio yalikuwa tofauti. Alikumbuka sauti ya Léon, iliyokuwa ya mwisho, ikisema kuume. Basi akaandika kuume kwa Léon, na Fiacre akampa upande uliobaki.

Shuleni walimfundisha sheria moja kabla ya zote: kuume ni kuume ya mnyama. Aliifuata miaka yote. Siku moja tu aliandika kuume ya mtu, na ndiyo siku iliyokuja kumdai.

"Jipanguse basi," Annette akamwambia. "Umekuwa kama mutu wa ndoto."

Alikwenda kwa Papa Jérôme na unga bado uko shavuni. Shefu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasimama akafunga dirisha. Alimwuliza kama anajua wanachokisema vijana mjini. Wanasema Docta Masikio ameuza ng'ombe wa mjane kwa adui. Mawe mawili yalikuwa yamekwisha kutupwa juu ya bati la zizi. Kesho akisimama akageuza neno lake, hakuna atakayesema amekumbuka, watasema ameogopa. Léon naye atarudi kwao na kusema kwamba Bunia hata vitabu vinaandikwa upya mtu wa upande wake akishinda. Na wale kumi na mmoja waliokwisha kwenda? Kila mmoja atakuwa na mtu wa kumdai.

"Kaye hii ndiyo uzio peke yake tuko nao," akasema Papa Jérôme. "Uking'oa muti moja, ngombe zote zinatoka."

Mathieu akamjibu kwamba mti wenyewe umeoza. Shefu hakumkataza, wala hakumruhusu. Alifungua dirisha tena.

Usiku ule Mathieu hakuhesabu saa. Jumamosi ilipokucha alikuwa amekwisha kufika zizini, na koti lake la kazi la kijani, ambalo hakulivaa tangu vita vifike mjini, na koleo mfukoni kwa mazoea tu. Watu walijaa kuliko siku ya kwanza. Askari wawili wa kigeni walisimama kando ya gari lao wakipiga miayo. Mama Véronique alikuja na wajukuu wote wanne. Alisema amewaleta wamuage ng'ombe. Léon alisimama peke yake, na kuzunguka miguu yake kulikuwa na nafasi tupu, kama nafasi inayoachwa kuzunguka moto.

Mathieu aliifungua kaye akainua ukurasa ule ili wauone, ingawa wachache wangeweza kuusoma. Akasema kwamba ukurasa huu umekosewa na aliyeukosea ni yeye.

Makelele yakapanda. Mtu akapaza sauti kwamba sasa Docta ameona mawe, amepata akili. Léon akavaa kofia yake.

"Nilijua," akasema. "Tangu mulango nilijua. Ngombe ya kwangu haiwezi kutoka hapa na miguu."

"Papa Léon," akasema Mathieu, "miye sitasema hii ngombe iko ya nani. Buku pia haitasema. Ni weye utasema, na mukono yako. Siku ile tulikata, ulinionyesha sikio. Enda usimame pale ulisimama, ushike sikio ile ulishika. Ile utashika, njo ya kwako."

Ndama alikuwa akinyonya, akisukuma kiwele kwa kichwa.

Mathieu alijua alichokifanya. Alikuwa ameiweka kweli yote mahali ambapo mtu mmoja angesimama. Léon akisimama nyuma ya ng'ombe, mkono wake wa kuume ungeangukia sikio lenye alama, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumkatalia. Aliyejua alikuwa Mathieu peke yake, na neno la Mathieu lilikuwa limekwisha kufa dakika ile ile, kwa kinywa chake mwenyewe.

Léon akaenda. Alipita kwanza nyuma ya ng'ombe, akasimama. Akatazama masikio kutoka pale. Hakuwa mjinga, Mathieu aliona mabega yake yakifahamu. Alisimama kwa muda ambao mtu angeweza kusali sala ya Baba Yetu mara mbili, na Mama Véronique, ambaye hakujua kinachoamuliwa lakini aliona kwamba kitu kinaamuliwa, aliwashika wajukuu wawili mabegani.

Kisha Léon akaendelea kutembea. Akapita ubavuni, akaja mbele, akasimama uso kwa uso na yule ng'ombe mwekundu. Kwa mkono wa kushoto akamshika pua, kama siku ile. Mkono wa kuume ukapanda wenyewe, ukashika sikio.

Lilikuwa sikio zima, halina hata mchubuko.

Alilishika kwa muda, akilipitisha katikati ya vidole kama mtu anayepima kitambaa asichoweza kukinunua. Akamwachia ng'ombe.

"Hapana ya kwangu," akasema. "Fiacre alikuwa kule nyuma. Miye nilikuwa hapa."

Hakuna aliyepiga makofi. Vijana wa uzioni waliangalia mikono yao, na mawe yakaanguka moja moja, kwa sauti ndogo. Papa Jérôme akaandika jina la Mama Véronique, akabonyeza kalamu hadi karatasi ikachanika. Mjane alikuja akachukua kamba. Alipopita mbele ya Léon alimwamkia kwa jina ambalo Fiacre alimwitia, jina la kilimani, ambalo Mathieu hakulisikia vizuri, na Léon akaitikia akitazama chini. Léon aliuliza habari za ndama wake wawili. Kama mama amesikia lolote. Mama Véronique alisema hakusikia. Ndiyo mazungumzo yote waliyozungumza.

Mathieu akatoa koleo. Alisema ndama huyu hana alama, amkatie sasa hivi, bila malipo, mkia wa mbayuwayu, kuume, kuume ya ng'ombe.

Mama Véronique aliweka kiganja juu ya sikio la ndama.

"Acha, Docta. Achia yeye masikio yake mazima. Mutu akimukuta mu njia, asijue iko ya nani."

Akaondoka na ng'ombe na ndama na watoto, akifuata kivuli cha uzio. Gari la askari likamchukua Léon upande wa pili, amekaa nyuma wazi, ameshika kofia ili upepo usiichukue. Mathieu alibaki na koleo wazi mkononi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane alikuwa amekataliwa sikio.

Kesho yake, watu wakitoka misa, aliwakuta watatu nyumbani kwake kwenye ua wa matete. Mmoja alikuwa amepewa mmoja wa wale ng'ombe kumi na mmoja, wawili wengine walikuwa wa kumdai. Kila mmoja alitaka kujua ukurasa wake uliandikwa kwa kuume ya nani. Mathieu aliwaambia ukweli, kwamba kurasa nyingi anazikumbuka, na nyingine hazikumbuki. Annette aliwapa maji. Kisha Mathieu akaichukua kaye, akaitia kwapani, akatoka nao kwa miguu kwenda kuwatazama ng'ombe mmoja mmoja, kutoka mbele kwanza, halafu kutoka nyuma. Na waliokutana naye njiani mchana ule waliona kwamba alikuwa anawatazama usoni.